Rili ya spini iliyolowa chumvi: kuifungua, kuisafisha na kuirudisha bila kubakiwa na vipande

Shem wangu kaniletea rili yake ya kuvulia samaki juzi, kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa, ananambia “shem hii basi tena, mkono unazunguka mbele, unazunguka na nyuma.” Nikaigeuza mara mbili nikacheka, manake ugonjwa huo mi mwenyewe nilishausababisha kwenye rili yangu kwa mikono yangu na ukanila usiku mzima. Tukakaa naye mezani tukaifungua, jioni ikawa inazunguka kama mpya. Alipoondoka nikaona bora niandike nilivyofanya, maana najua atarudi kuniuliza tena.

Naongelea zile rili ambazo spuli (ile inayobeba mshipi) imekaa mbele na haizunguki ukikunja, inayozunguka ni rota, kile kichwa chenye waya kinachouzungushia mshipi kwenye spuli. Vyombo: bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu zako (bisibisi inayochezacheza ndo inayokula vichwa vya skrubu, basi bora usianze), spana ya nati ya rota, kibano, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba, spiriti, oili nyepesi kama ile ya cherehani, grisi ya baharini isiyooshwa na maji, na trei ya mayai. Trei ya mayai usiidharau. Kila kinachotoka kinaingia tundu lake kwa mfuatano, la kwanza mpaka la mwisho, halafu unarudisha kinyume. Na simu ya kupiga picha.

Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu iache kabatini. Najua wengi wanapuliza kila wakitoka baharini na rili inakuwa laini siku ile ile, lakini inachofanya ni kuyeyusha grisi iliyokuwepo halafu yenyewe inakauka, umebaki na gia kavu. Kulegeza skrubu iliyoganda sawa, kulainisha rili hapana.

Hatua ya 1: Kuosha

Hii ni ya kila safari, sio mpaka iharibike. Kaza breki (nobu ya juu ya spuli, inayoamua samaki avute kwa nguvu gani ndo mshipi utoke) mpaka mwisho kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, vile visahani vyembamba vya ndani ya spuli, halafu mwagia maji baridi kidogo kidogo kama mvua ya manyunyu. Usitumie bomba lenye presha na usiitumbukize kwenye ndoo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, ukipiga presha chumvi haitoki, unaisukuma iingie ndani zaidi ambako hakuna mswaki utakaoifikia. Kung'uta, futa, iache ikauke kivulini na ulegeze breki. Ukiihifadhi breki imekazwa washa zinabanana na zinakuwa bapa, siku samaki akivuta inatoka kwa kugandaganda.

Hatua ya 2: Rola ya mshipi

Kile kigurudumu kidogo mwishoni mwa waya, ambacho mshipi unakipitia ukikunja. Kama unafungua sehemu moja tu ya rili yako mwaka mzima basi fungua hii, manake inalowa kuliko zote na ndo ya kwanza kuganda. Pitisha kipande cha mshipi juu yake, vuta huku na huku kwa kukaza. Rola izunguke. Kama mshipi unateleza juu yake na rola imetulia tuli, imeganda, na mshipi wako unajisokota na kulika kila unapokunja, halafu unasema bredi (mshipi wa kusukwa) siku hizi ni mbovu.

Skrubu moja tu inaishika. Ndani kuna beringi ndogo (nyingi nilizokutana nazo ni milimita 4×7×2.5 ila pima ya kwako) na vijiwasha vya plastiki ambavyo upande wake una maana, piga picha. Chovya beringi kwenye spiriti, izungushe kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ikiwa bado inakwaruza baada ya kuiosha mara tatu usihangaike nayo, weka mpya ya stenlesi. Ikizunguka vizuri, tone mbili za oili. Mi kwenye rola napenda kuongeza na grisi kidogo pembeni kama kizuizi cha maji, wapo wanaosema inaifanya nzito, sawa, lakini rola yangu nzito kidogo inazunguka na zao nyepesi zimeganda.

Hatua ya 3: Spuli na breki

Fungua nobu ya juu, toa spuli. Washa za breki zinashikwa na springi ya waya ndani ya spuli, ichokonoe kwa kibano huku umeifunika kwa kidole, vinginevyo utaitafuta chini ya kabati. Washa zinapishana, ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, na za chuma hazifanani, nyingine ina masikio ya nje, nyingine ina tundu lenye ubapa. Zipange kwenye kitambaa vile vile zilivyotoka. Za chuma futa kwa spiriti. Za kaboni weka utando mwembamba wa grisi ya breki (mi natumia ya Cal's) kisha futa inayozidi, za felti (kitambaa kizito) zinataka kulowa zaidi. Grisi ya gia isiingie humu.

Hatua ya 4: Kutoa rota

Toa mkono. Kisha utaona nati kubwa katikati, na mara nyingi kuna kibati kidogo chenye skrubu moja kinachoizuia isilegee, kitoe kwanza. Nati za rota za rili nyingine zinafunguka kinyume na ulivyozoea. Ikigoma usiiongezee nguvu, jaribu upande wa pili taratibu, au tafuta mchoro wa vipande wa modeli yako.

Wenye rili za Daiwa za Magseal simameni hapa hapa. Ndani yake kuna mafuta ya sumaku yanayoziba maji, ukiyafuta au ukidondoshea oili ya kawaida umeua kizuizi chenyewe. Hiyo ipelekwe kwa fundi mwenye mafuta yake.

Hatua ya 5: Klachi ya njia moja

Sasa tumefika. Chini ya rota kuna beringi nene isiyo na gololi, ina vijiti vya chuma vidogo kama punje za mchele na kila kimoja kina kaspringi kake. Ukizungusha mbele vijiti vinateleza. Ukirudisha nyuma vinajibana kati ya ganda la nje na bomba la katikati, rota inagoma. Kujibana huko kunataka chuma kishike chuma, ukijaza grisi nzito vijiti vinaogelea, vile vispringi havina ubavu wa kuvisukuma, na mkono unarudi nyuma.

Mi nilijaza. Kwa roho safi kabisa, nikijua naikinga na chumvi. Nikarudisha rili yote, mkono ukarudi nyuma. Nikafungua, nikaosha kwa spiriti, nikarudisha, ikashika, nikafurahi nikakunja kama dakika kumi hivi naangalia tu inavyozunguka, ikaanza tena. Nikafungua mara ya tatu nikasema labda nimeiweka juu chini, nikaigeuza, sasa ikawa mbele haiendi kabisa inaenda nyuma tu, saa nane za usiku nimekaa na rili inayokunja kinyume. Nikairudisha ilivyokuwa, nikaosha tena, ikashika, ikaachia tena. Nikaanza kuamini klachi imekufa.

Klachi ilikuwa nzima. Grisi ilikuwa inapanda kutoka chini. Ile shingo ya pinioni (gia ndogo ndefu inayozungusha rota) inapita katikati ya klachi na beringi yake iko chini yake pale pale, na mi nilikuwa nimeipaka grisi pinioni kuanzia menoni mpaka shingoni. Kila nikizungusha, grisi inasukumwa juu, inaingia kwenye klachi niliyoiosha. Na ndicho nilichokikuta kwenye rili ya shem, aliipaka grisi mpaka kwenye kifuniko, nyingine ilikuwa imegeuka ya kijivu kama matope.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuitoa weka nukta ya kalamu ya wino upande wa juu wa klachi na juu ya bomba lake pia. Itoe pamoja na bomba lake likiwa ndani, ukilivuta bomba peke yake kwenye rili nyingine vijiti vinamwagika na kuvirudisha ni kazi ya kulia. Iweke kwenye kifuniko chenye spiriti, zungusha bomba kwa kidole, mwaga, weka nyingine, mpaka spiriti ibaki safi. Ya shem ilichukua mara tano. Usitumie petroli, humo ndani kuna plastiki. Iache ikauke kabisa.

Kisha, na hapa ndo watu wanaharibu upande wa pili, usiirudishe kavu. Vijiti vikavu kwenye hewa ya bahari vinapata kutu na kutu nayo inafanya iteleze. Weka tone moja la oili nyepesi kwenye kijiti cha pamba, pitisha kwenye vijiti, kisha pitisha kijiti kingine cha pamba kikavu. Ukiona oili inang'aa bado ni nyingi.

Kagua bomba lenyewe, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, kuosha hakutasaidia, badilisha bomba. Na kama rili inateleza asubuhi kwenye ubaridi halafu mchana inashika, bomba halina neno, ni oili nzito au mabaki ya grisi yanayoganda.

Pinioni sasa: meno yapate grisi, beringi yake ipate oili, shingo ifute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Rudisha klachi nukta ikikutazama, rudisha rota na nati, shika rota uirudishe nyuma kwa mshtuko mara 20. Sio mara mbili. Yangu ilikuwa inashika mara nne za kwanza inaachia ya tano.

Hatua ya 6: Gia

Fungua kifuniko cha ubavuni, futa grisi ya zamani yote, paka mpya kwa mswaki kwenye meno na kwenye reli inayopandisha spuli. Utando tu, usijaze tumbo zima. Unga mweupe kwenye bodi ya aluminiamu ni kutu yake, usugue utoke, kisha kila skrubu ya stenlesi inayoingia kwenye aluminiamu ipakwe grisi kwenye nyuzi zake kabla ya kurudi. Bila hivyo vyuma viwili hivyo na chumvi vinashikana na mwakani utakata kichwa cha skrubu.

Hatua ya 7: Kurudisha

Fuata trei kinyume. Breki ipime kwa mizani ya kuning'iniza, robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 10 breki iachie kwenye kilo 2.5 mpaka 3.3 hivi.

Ukimaliza na kuna kawasha kembamba kama karatasi kamebaki kwenye trei, usikatupe. Karibu kila mara kanatoka pembeni ya gia kubwa, kananata kwenye beringi kwa grisi na kanadondoka bila wewe kuona. Bila hako mkono unacheza kushoto kulia na gia zinakwaruza, kakizidi upande mmoja inakuwa nzito. Kwa shem kalikuwa kameganda kwenye kiwiko chake, tumekatafuta nusu saa tumeinama sakafuni na tochi ya simu.