Ukoka wa bustani uanze kukatwa lini baada ya kiangazi

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, ukoka hugeuka kahawia. Haujafa. Uhai umejificha kwenye mizizi na matawi yanayotambaa. Mvua za mwanzo za Machi zikinyesha huchipua haraka, na hapo wengi hukimbilia mashine. Subiri kidogo: machipukizi hayo yameota kwa akiba ya mizizi, na ukiyakata kabla hayajairudisha, ukoka hubaki na mabaka na ndago huchukua nafasi.

Kalenda haisaidii sana, maana Masika huchelewa. Pima urefu wa majani kwa rula sehemu tano, wala si ile kona iliyonawiri karibu na bomba. Wastani ukifika sentimita 6, kata ubakishe 4, yaani usiondoe zaidi ya theluthi moja. Mvua zikikuzuia mpaka majani yakafika 12, bakisha 8 kwanza, kisha baada ya siku nne au tano shusha hadi 6. Ukishusha kwa mkupuo mmoja utabakiwa na vijiti vyeupe. Kabla ya yote vuta tawi moja linalotambaa. Likitoka bila ubishi, mizizi haijashika.

Udongo nao una neno lake. Kichanga cha Paje au Nungwi, kule pwani ya Unguja, hunywa maji upesi, lakini kinamo huyashikilia: kanyaga kwa kisigino, maji yakijitokeza usiingize mashine, kwani magurudumu hushindilia udongo na mizizi ikakosa hewa. Bustani za pwani zilizomwagiliwa maji ya kisima yenye chumvi zingoje mvua nzito mbili tatu zioshe chumvi kwanza. Siku ya kukata, ngoja umande ukauke.

Petroli iliyokaa tangu Vuli imwage. Huacha gundi kwenye kabureta, na mashine huwaka ikazima. Chomoa waya wa plagi ndipo unoe kisu. Kisu butu hurarua, na kesho yake ncha za majani huwa nyeupe. Okota vifuu, makuti na vijiwe vya matumbawe: kijiwe kimoja kikirushwa na kisu hutoboa kioo cha gari.

Mbolea ingoje ukataji wa pili. Urea kilo 1 yatosha mita za mraba 100. Kwenye kichanga tia nusu, nusu nyingine baada ya wiki tatu. Nyunyiza majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo, la sivyo yataungua.