Kufufua lenzi ya Helios 44-2 iliyoota kuvu na kuifunga kwenye kamera ya kidijitali

Helios 44-2 ni lenzi ya milimita 58 yenye uwazi wa f/2. Muundo wake umetokana na Biotar, lenzi ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena, na iliuzwa kwa miaka mingi ikiwa imefungwa kwenye kamera za Zenit za kiwanda cha KMZ, Krasnogorsk, karibu na Moscow. Baadaye viwanda vingine vya Kisovieti navyo viliitengeneza. Zilitoka nyingi mno, ndiyo maana mpaka leo zinapatikana. Kwa anayejifunza ufundi ni lenzi nzuri kuanzia: haina umeme, mabapa yake (vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga) hayavutwi na springi, na ndani mna vioo sita tu vilivyopangwa katika makundi manne.

Adui wake mkubwa ni kuvu, hasa kwa lenzi iliyokaa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kuuachia polepole karibu na vioo, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Kuikagua kabla ya kulipa

Fungua tundu la mwanga mpaka f/2, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, kisha tazama kwa mbele ukiwa umeiinamisha kidogo. Vumbi ni nukta nukta. Usilijali, halionekani kwenye picha. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au matawi ya mti yaliyoanzia ukingoni. Ukungu mweupe uliosambaa sawasawa kwa kawaida ni mvuke wa grisi ya zamani, na huo hutoka kwa urahisi. Linalotakiwa kukutia shaka ni madoa yanayong'aa rangirangi kati ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Hiyo ni gundi inayoachia, na kwa vifaa vya nyumbani hairekebishiki. Lenzi ya namna hiyo iache.

Zungusha pete ya fokasi toka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito lakini laini, ni grisi iliyokauka. Ikikwaruza, kuna mchanga ndani. Ikicheza huku na huku, hesi zimelika. Mwisho kagua hesi ya kufungia lenzi kwenye kamera: aina ya M42 ina kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 1. Helios za mwanzo zilikuwa na hesi ya M39, na hizo haziingii moja kwa moja kwenye adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera) ya M42. Kwa lenzi za KMZ, tarakimu mbili za mwanzo za namba ya lenzi kwa kawaida ni mwaka: 78 ni 1978.

Vifaa

Bisibisi bapa za saa, za milimita 1.4 na 2. Spana ya lenzi yenye ncha mbili zinazosogezwa. Kipande cha mpira wa mviringo cha kufungulia pete ya mbele. Kizibo cha mpira cha sinki kinafaa kabisa. Mpira wa kupulizia, vijiti vya pamba, kitambaa cha kufutia miwani ambacho hakijatumika, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na nafta ile ya viberiti vya kujaza. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 utaipata duka la dawa. Tandika taulo jeupe mezani ili skrubu ikianguka isidunde na kupotea. Na usiguse WD-40, mafuta yale ya kupulizia ya kulegeza kutu: husambaa mpaka kwenye mabapa na vioo, na kuiondoa ni kazi kubwa kuliko ile uliyotaka kuikwepa.

Kuifungua

Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kuondoa chochote. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda, hivyo picha zako mwenyewe ni ramani bora kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Peleka fokasi mita 0.5, geuza lenzi uone nyuma. Kuna pete yenye mikato miwili inayoshikilia mwili wa vioo ndani ya hesi ya fokasi. Ifungue kwa spana, ukikandamiza vizuri chini, kwa sababu ncha ikiteleza hukwangua kioo cha nyuma. Pete ikitolewa, mwili wote wa vioo pamoja na pete za tundu la mwanga hutokea mbele. Kwa kazi ya kuvu huna haja ya kugusa hesi ya fokasi.

Kundi la nyuma hufunguka kwa mkono kinyume cha saa. Mbele, bana kizibo cha mpira juu ya pete yenye maandishi na uzungushe. Ikitoka, unafikia vioo vya mbele. Pete ikigoma, dondoshea tone moja la nafta kwenye hesi, subiri dakika kumi, jaribu tena. Usitumie koleo. Kila kioo unachotoa, weka alama ya kalamu ya risasi ukingoni kuonyesha upande unaotazama mbele. Hili ndilo kosa linalorudisha watu mezani mara nyingi zaidi: kioo kimoja kikigeuzwa, picha haitulii popote, na mtu huanza kuilaumu adapta.

Kuiua kuvu

Kuvu hula vumbi na mafuta ya vidole, na hutoa asidi inayochimba mipako ya kioo, hatimaye kioo chenyewe. Kwa hiyo kufuta hakutoshi. Mbegu zake zikibaki, zitaota tena masika ijayo.

Changanya peroksaidi ya asilimia 3 na amonia ya nyumbani kwa vipimo sawa, kijiko kimoja kimoja, nje au dirishani. Changanya pale pale unapotumia, na usihifadhi mabaki kwenye chupa iliyofungwa, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Amonia isikutane kamwe na jiki: hewa inayotoka ni sumu ya mapafu. Kama amonia hupati, peroksaidi peke yake inafanya kazi, ila taratibu zaidi.

Lowesha kijiti cha pamba, si kudondosha maji. Anzia katikati ukizunguka kwenda ukingoni, bila kukandamiza. Acha dakika mbili au tatu, futa kwa kijiti kipya, kisha malizia na isopropili kidogo kwenye kitambaa. Usitumbukize kioo kwenye dawa: Helios ina jozi mbili za vioo vilivyogandishwa, na kimiminika kikiingia ukingoni huharibu gundi. Pia rangi nyeusi ya ukingoni hutoka kwa spiriti. Ikitoka, mwanga hutapakaa ndani na picha hupauka. Kama nyuzi zimekwisha lakini alama hafifu za matawi zimebaki, kioo kimeshachimbwa. Acha kusugua. Alama hizo huonekana tu ukipiga picha kuelekea jua.

Mafuta kwenye mabapa na grisi ya fokasi

Mabapa manane ya 44-2 karibu kila mara yana mafuta. Katika lenzi hii si ugonjwa, kwa sababu unayafungua na kuyafunga kwa mkono. Pete moja huweka kikomo, nyingine husogea kati ya f/2 na kikomo hicho. Kwenye lenzi zenye springi, kama Helios 44M, mafuta hayohayo huchelewesha mabapa na picha hupata mwanga kupita kiasi. Hata hivyo mafuta hufukika kwa joto na kuganda kwenye vioo, hivyo kwa kuwa umeshafungua, yasafishe. Vioo vikiwa nje, weka nafta kwa kijiti, fungua na kufunga mabapa mara kumi, pangusa, rudia mpaka kijiti kitoke kikavu na safi. Usiyachomoe mabapa moja moja. Kuyapanga upya ni kazi ya saa nzima, na hayahitaji mafuta yoyote.

Fokasi ikiwa nzito sana, itabidi utenganishe hesi. Chora mstari pale zinapoachana, kwa kuwa hesi hiyo ina mianzo mingi na ukianza pasipo pake lenzi haifiki ∞, yaani fokasi ya vitu vya mbali kabisa. Osha kwa nafta, paka grisi ya hesi za lenzi kwa utando mwembamba. Vaselini iache: joto la pwani huiyeyusha.

Kuifunga kwenye kamera mpya

Lenzi ya M42 inatakiwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa. Kwenye kamera zenyewe, kifungio cha Sony E kina milimita 18, hivyo adapta yake ni ya milimita 27.46, Fujifilm X ina 17.7, adapta milimita 27.76. Canon EF ina 44, kwa hiyo pete nyembamba ya milimita 1.46 inatosha, lakini kwenye kamera za sensa kubwa hakikisha kioo cha kuakisi hakigongi nyuma ya lenzi fokasi ikiwa ∞. Nikon F ina 46.5, zaidi ya lenzi inavyohitaji. Bila kioo cha nyongeza haitaweza kufokasi vitu vya mbali, na kioo hicho hushusha ubora. Kwa Nikon F tunashauri ununue lenzi nyingine.

Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi. Kama sensa ina kitulizaji cha mtikisiko, ingiza 58, yaani milimita za lenzi. Kwenye sensa ndogo ya APS-C yenye kizidisho cha 1.5, upana wa picha unakuwa kama wa milimita 87, mzuri kwa sura za watu.

Jaribu ∞ kwa kitu cha mbali kweli: mnara wa simu, au meli kwenye upeo wa bahari. Weka f/2, kuza picha kwenye skrini. Kitu kikikaa sawa kabla kidogo ya alama, ni kawaida, kwani adapta nyingi huchongwa nyembamba kidogo kwa makusudi. Kisipofika kabisa, hakikisha kwanza makundi ya vioo yamekazwa hadi mwisho. Kama yamekazwa, legeza skrubu tatu ndogo za pete ya fokasi, zungusha hesi ya ndani mpaka kitu kitulie, rudisha pete kwenye alama, kaza.

Ile mandharinyuma inayozunguka kama kimbunga, ambayo wengi huitafuta Helios kwa ajili yake, hutokea kwa f/2, mtu akiwa mita 1 hadi 2, na majani yenye mwanga wa kupenyapenya mita kadhaa nyuma yake. Ukuta mtupu hauonyeshi kitu.

Weka lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, lenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Kuvu hustawi unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hivi, na mwambao hupita hapo muda mrefu wa mwaka. Punje zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni, kisha uzirudishe. Mkoba wa ngozi ubaki rafuni, mtupu.