Ukibadilisha eya klina, gusa na jeti

Ukishafunga kabureta kubwa au eya klina (kichujio cha hewa) ya wazi kwenye pikipiki ya magurudumu manne, usikimbilie kuipiga resi ya mwisho. Hewa imeongezeka, lakini mafuta bado yanapita kwenye tundu lile lile la jeti, kile kipande kidogo chenye tundu ndani ya kabureta. Itavuta vizuri kidogo, kisha injini ichemke, na pistoni ndiyo italipa.

Anza na jeti kuu (main jet), maana ndiyo inayotawala kuanzia robo tatu ya resi hadi mwisho. Panda saizi moja moja. Funga plagi mpya (ya zamani ina masizi yake, itakudanganya), piga resi yote kwenye njia iliyonyooka, kisha zima injini papo hapo. Ikipoa, fungua plagi uitazame ile kauri yake ya ncha. Nyeupe kama chaki, mafuta hayatoshi. Nyeusi yenye masizi, umezidisha. Kahawia iliyopauka, usiguse tena.

Ikikohoa katikati ya resi huku mwisho inavuta safi, angalia sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta katikati ya resi. Shusha klipu yake (kile kibanio kidogo cha juu) ngazi moja. Sindano itapanda na mafuta yataongezeka.

Halafu ule mpira unaounganisha kabureta na injini, ambao karibu kila mtu huusahau! Injini ikiwa inanguruma taratibu, nyunyizia maji ya sabuni kuuzunguka. Mlio ukibadilika, ujue unavuta hewa pembeni. Kaza klempu au weka mpira mpya kwanza, la sivyo utabadilisha jeti mpaka uchoke.