Kuhesabu kura kituoni: maneno ya wakala wa zamani, Wete

Mwanangu, ukipangiwa uwakala wa chama kwenye kituo cha kura skulini, chukua daftari na kalamu mbili. Moja hufa usiku.

Kabla halijafunguliwa sanduku, andika idadi ya waliomo kwenye daftari la wapigakura, kisha waliotiwa alama kuwa wamepiga. Lakiri ikikatwa, karatasi huhesabiwa zote kwanza, bila kutazama nani kapata. Hapa usisinzie. Tuseme walioandikishwa ni 420, na sandukuni mna 357. Gawa 357 kwa 420, zidisha kwa 100: waliojitokeza ni asilimia 85. Kura zilizoharibika, tuseme 9, zimo humo. Mtu alikuja, kakosea tu. Lakini asilimia za wagombea pigia kwenye kura halali, 348.

Zanzibar tuna kura ya Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani, tena ya Rais wa Muungano na mbunge. Kila moja na hesabu yake, usizichanganye.

Mimi mara moja nilitia saini fomu ya matokeo kwa usingizi, 63 imeandikwa 36. Tulirudia kuhesabu hadi alfajiri, na wenzangu hawakunisemesha. Soma tarakimu kwa sauti, kama wapimao pishi za karafuu, ndipo utie saini.