Kabla ya Kuoka Kuku Mzima Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Kuku mzima akishaingia kwenye oveni, mpishi amebakiwa na kazi ndogo sana. Karibu kila kinachomharibu huwa kimeshatokea: amenunuliwa kuku asiye wa kuoka, ngozi imeloa, chumvi imetiwa dakika za mwisho, au mtungi wa gesi ulikuwa ukingoni na hakuna aliyeutikisa. Kwa hiyo hesabu ya kuoka ianze jana yake.

Anza na kuku mwenyewe. Maelekezo mengi ya kuoka, yale ya nyuzi 200 kwa saa moja na kidogo, yanamhusu kuku wa kisasa wa nyama, anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, nyama laini na mafuta chini ya ngozi. Kuku wa kienyeji wa miezi sita na zaidi ametembea na kukimbizwa maisha yake yote. Ukimpa saa moja hiyohiyo utapata kidari kikavu na paja la kuvutana nalo mezani. Na sokoni yupo wa tatu ambaye huwaponza wengi, kuku wa mayai aliyemaliza muda wa kutaga. Ni mkubwa, bei yake inavutia, na akishanyonyolewa ni rahisi kumdhania wa nyama. Huyo ni wa mchuzi, tena mchuzi wa moto wa muda mrefu. Muulize muuzaji waziwazi, kisha hakikisha mwenyewe kwa kubonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa tumboni. Kwa kuku mchanga ncha hiyo ni gegedu, inapinda chini ya kidole. Kwa aliyekomaa haipindi.

Kama moyo wako uko kwa wa kienyeji, na ladha yake kweli haina mpinzani, usimpeleke kwenye oveni moja kwa moja. Mchemshe mzima kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, maji yakichezacheza tu bila kutokota kwa fujo, saa moja hadi moja na nusu kutegemea umri wake. Paja likianza kulegea, mtoe, mwache apoe na akauke kabisa, umpake mafuta, kisha oveni ya nyuzi 220 kwa dakika ishirini hivi ili ngozi ishike rangi. Supu iliyobaki ni ya pilau, usiimwage.

Suala la idadi nalo liamuliwe dukani. Kuku wa kilo moja na robo hutosha watu wanne, watano wakiwa waungwana. Wageni wakiwa wanane, nunua wawili wadogo badala ya mmoja mkubwa: wawili wadogo huiva sawasawa na kwa haraka, na mapaja yanakuwa manne. Firigisi bado zitakuwa mbili tu, hizo mgawane kwa desturi ya nyumba yenu.

Kuku aliyechinjwa asubuhi asiokwe mchana. Misuli hukakamaa baada ya kuchinjwa na huhitaji saa kadhaa kulegea tena, kwa hiyo mchinje au mnunue jana yake na umlaze kwenye friji. Aliyeganda naye anataka muda. Wa kilo na kidogo huchukua takriban siku nzima kuyeyuka ndani ya friji, au saa mbili hivi akiwa amefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuzamishwa katika maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Kumwacha juu ya meza mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni kuwafugia bakteria: nje anakuwa vuguvugu huku ndani bado barafu.

Kuhusu kuosha, wataalamu wa usalama wa chakula hushauri kuku mbichi asioshwe, kwa sababu matone yanayoruka husambaza vijidudu kama salmonela kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu. Ushauri huo ni mzuri kwa kuku wa pakiti aliyekwisha kusafishwa. Kwa kuku wa sokoni aliyenyonyolewa haraka haraka hauwezekani. Huyo mkague: vishina vya manyoya mabawani na kwenye mapaja (vibabue juu ya moto), mapafu yaliyong'ang'ania mbavuni, mabaki ya gole (kifuko cha chakula) shingoni, na ile tezi ya mafuta juu ya mkia, ambayo ikibaki huacha harufu. Doa la kijani ndani lina maana nyongo ilipasuka. Likate litoke pamoja na nyama iliyoguswa. Mwoshee ndani ya beseni lenye maji tulivu, si chini ya bomba linalofoka, kisha sugua sinki na unawe kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi ningelishikia fimbo: mkaushe. Wengi wetu tumezoea kulowanisha kuku usiku kucha ndani ya rojo la vitunguu, nyanya, maziwa ya mtindi na ndimu. Kwa vipande vya kuchoma juu ya makaa inafaa. Kwa kuku mzima wa oveni, rojo hilo ndilo linalomfanya atoke mweupe na mlegevu kama aliyepikwa kwa mvuke. Ngozi haiwezi kupita nyuzi 100 maadamu ina maji juu yake, na rangi ya kahawia yenye harufu ile inayowaita majirani huanza kujitengeneza vizuri karibu na nyuzi 140. Oveni inatumia dakika zake za kwanza kukausha maji uliyomwagia mwenyewe, na hadi ngozi ipate rangi, kidari kimekauka.

Mfute basi kwa karatasi za jikoni, ndani na nje, chini ya mabawa na kwenye mikunjo ya mapaja. Kisha chumvi peke yake: kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini kwa kila kilo ya kuku, nyingi ikienda kwenye kidari na mapaja, nyingine kidogo tumboni. Mweke kwenye friji bila kufunikwa, kwenye rafu ya chini kabisa ili asidondokee vyakula vingine, kuanzia jioni hadi kesho yake. Chumvi kwanza huvuta maji nje, kisha maji hayo yenye chumvi hurudi ndani ya nyama, huku hewa kavu ya friji ikikausha ngozi. Ukitumia viungo vya pakiti, soma vilivyomo. Vingi vina chumvi tayari, basi punguza yako.

Viungo vyenyewe vipitishe chini ya ngozi. Ingiza vidole taratibu kuanzia shingoni, achanisha ngozi na kidari, kisha paka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba iliyosagwa, vikiwa vimechanganywa na mafuta. Ndimu isilale na nyama usiku kucha, asidi yake huifanya iwe ya chengachenga. Nusu ndimu tumboni wakati wa kuoka inatosha. Asali na nyanya ya kopo zisubiri robo saa ya mwisho, kwa kuwa sukari yake huungua mapema.

Kagua jiko siku hiyohiyo. Toa masufuria yote yanayohifadhiwa ndani ya oveni, maana katika nyumba nyingi oveni ni kabati. Jaribu kama trei inaingia kuku akiwa juu yake. Kama namba za kitufe zimefutika au huziamini, weka sukari kijiko kimoja juu ya foili: oveni ikiwa imetegwa nyuzi 175, sukari haitakiwi kuyeyuka ndani ya robo saa, ukipandisha hadi 190, iyeyuke. Ikienda kinyume, umejua oveni yako inadanganya kuelekea upande gani. Mwenye oveni ya umeme awe na mkaa akiba.

Asiye na oveni hajanyimwa. Mpasue kuku mgongoni, mlaze bapa, mweke ndani ya sufuria nene juu ya vipande vya viazi au vitunguu ili asigusane na chini, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Ratiba ipangwe kwa kurudi nyuma. Mnakula saa mbili usiku? Kuku atoke oveni saa moja na nusu, maana anahitaji robo saa ya kupumzika kabla ya kukatwa, la sivyo maji yake yote yatabaki kwenye ubao. Wa kilo moja na robo katika nyuzi 200 anataka saa moja na dakika kumi hivi, kwa hiyo aingie saa kumi na mbili na dakika ishirini, na oveni iwe imewashwa robo saa kabla ya hapo. Kipima joto cha nyama, kama unacho, kisomeke angalau nyuzi 74 sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Paja huwa tamu zaidi likifika 80. Huna? Toboa kwa kisu pale paja linapoungana na mwili, maji yatoke maangavu. Wekundu kidogo karibu na mfupa kwa kuku mchanga aliyegandishwa hutokana na uboho, haumaanishi peke yake kwamba ni mbichi.

Na tenga mapema ubao wa pili, sahani safi na kisu kilichonolewa, ili kuku aliyeiva asirudi mahali alipolala akiwa mbichi.