Ukisoma makala ya utafiti, anza na mbinu

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni mwa makala, ndipo mwandishi anapojinadi. Isome ujue mada tu, kisha nenda moja kwa moja kwenye mbinu. Walichunguzwa watu wangapi, walipatikanaje, na walilinganishwa na nani? Usiseme "wahakiki (wataalamu wanaokagua makala kabla haijachapishwa) walishapitia, yatosha". Makala iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji ilichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1998. Ilihusu watoto 12 tu, bila kundi la kulinganisha, na jarida likaifuta mwaka 2010.

Kwenye matokeo, tazama majedwali kabla ya maelezo (maneno hupambwa kirahisi kuliko tarakimu). Hitimisho likisema jambo moja "husababisha" jingine ilhali kilichopimwa ni uhusiano tu, hapo mwandishi amezidisha chumvi. Sehemu ya upungufu wa utafiti wengi huiruka. Mimi naiona ndiyo yenye ukweli mwingi. Marejeo yapitishie jicho tu, uone kama yana kazi za karibuni. Mfadhili na mgongano wa maslahi aghalabu huwekwa mwishoni. Visome kabla hujanukuu chochote.