Maneno madogo ya Kiingereza yanayotupoteza, na namna ya kuyashika

Nafundisha Kiingereza jioni kwa wahudumu wa mapokezi hotelini na madereva wa watalii. Wengi wamemaliza kidato cha nne, na neno kama "postpone" au "investigate" haliwasumbui. Wanakwama kwenye maneno ambayo kila moja wanalijua tangu shule ya msingi: "put", "off", "look", "into". Yakikaa peke yake hayana shida. Yakikutana, yanageuka kitu kingine.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamu ya usiku alipigiwa simu na mgeni saa tisa: "The alarm went off." Akaelewa kwamba kengele imezimika. Akaandika kwenye kitabu cha zamu kuwa fundi aje asubuhi. Kumbe mgeni alikuwa anasema kengele ya moshi imelia. Tunashukuru hapakuwa na moto, lakini mgeni na watoto wake walikaa nje nusu saa nzima wakisubiri mtu apande. Mpaka leo, kila darasa jipya naanza na sentensi hiyo.

Hatua ya 1: Usikitenge kitenzi na kijineno chake

Sisi tukitaka kugeuza maana ya kitenzi, tunakibadilisha mwishoni: funga, fungua, fungia, fungisha. Mwingereza hana viambishi kama hivyo, kwa hiyo anaweka neno dogo pembeni. "Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, na "look up" ni kutafuta neno kwenye kamusi. Anayeifasiri "look after" kuwa "tazama baadaye" amefanya kosa lile lile la mgeni anayekutana na "fungua" akaona "funga" tu.

Na mgeni huyo naye ana mzigo wake kwetu. Muulize kuhusu "piga": piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti. Hakuna kipigo hata kimoja hapo, na sisi hatujawahi kuona ajabu.

Kwa hiyo chukua aya moja ya Kiingereza na kalamu. Kila kitenzi kinachofuatwa na "up", "off", "out", "in", "on", "down", "over", "away" au "back", kipigie mstari pamoja na kijineno chake, hata kama vimeachana kwa maneno mawili matatu. Kisha nenda kwenye kamusi, utafute chini ya kitenzi. "Go off" utaikuta mwishoni mwa maelezo ya "go", usiisake kwenye "off".

Hatua ya 2: Jifunze mwelekeo wa kijineno

Orodha ya misemo mia moja utaisahau baada ya wiki. Mwelekeo wa kijineno kimoja utakaa nawe.

Anza na "up". Mara nyingi kinasema jambo limefanyika likaisha kabisa. Kiswahili kina kitu kinachokaribiana nacho sana: tupilia mbali, potelea mbali, ulia mbali. "Mbali" hapo haipimi umbali, inafunga tendo lisibaki kitu. Ndivyo "eat" ilivyo kula, na "eat up" kula chote. "Use up" ni kutumia mpaka kiishe, "tear up" ni kuchana vipande vipande, na kisima kiki-"dry up" hakina tone.

"Off" huelekea kuondoka au kukatika. Ndege iki-"take off" imeruka, na abiria wake kabla ya kuingia msikitini ata-"take off" viatu vyake, yaani atavivua. "Drop off" ni kumshusha abiria anakokwenda. "Call off" ni kufuta jambo lililopangwa.

"Out" huleta kutoka hadharani au kwisha: "find out" ni kugundua, "run out" ni kuishiwa, "sell out" ni bidhaa kununuliwa zote.

Huu ni mwelekeo, si sheria. "Go off" yenyewe ni ushahidi: kengele ikilia, bomu likilipuka, maziwa yakiharibika, taa ikizimika, vyote hivyo ni "go off". Mwamuzi ni kile kinachozungumzwa. Taa haiharibiki kama maziwa, na maziwa hayalipuki. Laiti yule kijana wa zamu angejiuliza kwanza, "Mtu anaamka saa tisa usiku kuniambia kengele yake imenyamaza?"

Hatua ya 3: Iweke "it" mahali pake

Unaweza kusema "turn down the offer" au "turn the offer down", yaani kukataa ulichopewa. Lakini ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it down". "Look after" haikubali kuachana: "look after him" tu. Kamusi za wanafunzi huonyesha hilo kwa "sth" (something, kitu) au "sb" (somebody, mtu): ukiona "turn sth down", ujue katikati pana nafasi.

Vyenye vijineno viwili, kama "put up with" (kuvumilia), kwa kawaida huvitenganishi. Na "look forward to" hufuatwa na "-ing": "I look forward to meeting you." Barua za maombi ya kazi ninazoletewa nizikague, nyingi zinakosea hapo, mstari wa mwisho kabisa.

Hatua ya 4: Kwa nahau, tafuta tukio linalofanana

"Spill the beans" si habari ya maharage. Ni mtu aliyetoa siri, na sisi tunasema amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Angalia tu usiseme amemwaga unga, maana huyo amepoteza kazi. "A piece of cake" ni rahisi kama kumsukuma mlevi. "Once in a blue moon" ni mara chache mno: siku hizi mwezi wa buluu huitwa ule mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na hutokea takriban kila baada ya miaka miwili na nusu. Mgeni akikuambia yuko "under the weather", haongelei mvua. Anaumwa kidogo, muulize kama anahitaji daktari.

Kisha pima uzito wake. Hapa ndipo kamusi hukuacha peke yako. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ni kufa kwa maneno ya kijiweni, kama "kata kamba". Niliwahi kuletewa kadi ya rambirambi yenye maneno hayo. Aliyeiandika alimpenda marehemu kwa dhati. Kamusi ilimwambia maana, haikumwambia mahali pa kuitumia. Tuliandika upya kwa "passed away", inayosimama pale tunaposema ameaga dunia.

Hatua ya 5: Jua upande wa karatasi na upande wa mdomo

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, na maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yakaingia. Ndiyo sababu leo kuna jozi: "put off" na "postpone", "put up with" na "tolerate", "look into" na "investigate". Sisi tunayo "kufa" ya Kibantu na "kufariki" ya Kiarabu. Shule ilitupa upande wa karatasi, wageni wanazungumza upande wa pili.

Uliza pia mgeni anatoka wapi. Mwingereza aki-"wash up" anaosha vyombo, Mmarekani ananawa mikono na uso.

Hatua ya 6: Jaribu

Soma ujumbe huu wa zamu bila kamusi: "Room 12 has checked out but his taxi hasn't turned up. He wants to call it off. Can we drop him off?"

Sasa linganisha: mgeni wa chumba namba 12 ameshakabidhi chumba, teksi yake haijafika, anataka kuifuta, anauliza kama tunaweza kumpeleka wenyewe. Ukipata vitatu kati ya vinne, endelea na aya nyingine kesho. Ukikosa "turned up", rudi kwenye Hatua ya 1: "up" ilikuwa nyuma ya "turned", na pengine ulizisoma mbalimbali.